Barua Iliyokuwa Tayari Jumanne

Tangu Mwalimu Wilhelmina astaafu, waliobisha hodi kwake Mkuyuni walikuwa wasoma mita na wanafunzi wa zamani wanaotaka barua ya mapendekezo. Hao wa pili aliwatambua kwa bahasha za kaki. Walikaa ukingoni mwa kiti, wakamsifu kwamba hajazeeka, kisha wakaeleza shida. Akishasaini, hakuwaona tena. Mumewe alishatangulia, na mwanawe Obedi yuko Mtwara, hupiga simu Jumapili akikumbuka.

Shamsa wa Mabatini alikuja Jumatatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa vizuri, mwanangu."

Alikuwa anaomba ufadhili wa kwenda Uholanzi kusomea uhifadhi wa maziwa, na maombi yalifungwa Ijumaa saa kumi jioni. Barua alikuwa ameshaichapa mwenyewe. "Sikutaka kukusumbua, mwalimu. Ni kusaini tu."

Mwalimu akaisoma. Mchapakazi, mwadilifu, anajituma.

"Hii ningeweza kumpa mtu yeyote," alisema. "Wewe mwenyewe huonekani ndani yake. Kesho niletee daftari zako za baiolojia, nitaiandika mimi."

Kesho yake wakazifungua mezani, kwa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Katika daftari la kidato cha tatu wakakuta majedwali ya vipimo vya maji ya Mto Mirongo. Shamsa alikuwa ameyachota maji hayo na kuyapima kila Jumamosi muhula mzima, bila kutumwa na mtu. Majibu yake yalipopingana na kitabu, hakuyafuta. Pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa na sifuri ya Mwalimu Wilhelmina.

"Nilikosea kukupa hii," mwalimu alisema, na Shamsa akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Alipoondoka, mwalimu akaandika kwa mkono kurasa mbili bila kusimama. Akaeleza habari ya mto, na ile sifuri, na kwamba mwanafunzi alikuwa sahihi kuliko mwalimu wake. Alijua ni barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Akatia tarehe, akaiweka kabatini.

Jumatano Shamsa akaja kuuliza kama iko tayari.

"Bado kidogo," mwalimu akajisikia akisema. "Kuna mahali hapajakaa sawa. Njoo kesho."

Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Shamsa alikunywa chai, akamsimulia kuhusu mama yake na duka lao la vitenge, akaosha na vikombe. Mwalimu alimsikiliza akijua anachofanya ni dhambi.

Ijumaa umeme ukakatika Mkuyuni tangu asubuhi. Saa nane Shamsa aliingia, macho mekundu. Mwalimu akaitoa barua kabatini, wakapanda bajaji hadi Mabatini, kwenye duka la kuchapa lenye jenereta. Ndani ya bajaji Shamsa akaisoma yote. Alipofika chini akaitazama tarehe.

"Mwalimu, hii uliiandika Jumanne."

"Ndiyo."

"Sasa mbona..."

"Ulikuwa unakuja," mwalimu alisema, akitazama nje.

Shamsa akaikunja barua. Dukani fundi alichapa, mwalimu akasaini, ikaskaniwa, ikatumwa zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Mwalimu alirudi peke yake.

Ufadhili ulipatikana. Mwezi wa nane Shamsa alikuja na mama yake kuaga. Mama alishukuru kwa maneno mengi. Binti alizungumza kidogo. Walipofika getini akamwacha mama atangulie.

"Ungeniambia tu, mwalimu. Ningekuja hata bila barua."

"Najua," alijibu mwalimu, ingawa hakujua.

Kutoka Uholanzi Shamsa alituma ujumbe wa kwanza, wenye picha ya maabara, na wa pili wakati wa Krismasi. Mwalimu aliujibu ule wa pili kwa urefu, akiulizia baridi, chakula na masomo. Alama zikaonyesha kwamba ujumbe wake umesomwa, ila jibu halikuja. Siku chache za mwanzo alitembea na simu hata jikoni, kisha akazoea kuiacha chumbani.