Maji Yaliyofika Uvira

Juzi nilimpeleka binti yangu kuoga ziwani, Kajaga. Akajitupa majini, akameza funda zima, akatoka anatema: "Mama, hii maji iko na chumvi!" Watu waliokuwa wakila samaki wa mukeke pale kando wakacheka sana. Chumvi gani tena, na maji ya ziwa letu hili ndiyo tunayopikia na kufulia tangu tuzaliwe? Mimi sikucheka, rafiki yangu. Nilimpangusa uso nikamwambia kwamba ana ulimi wa bibi yangu.

Bibi huyo, mama yake mama, sote tulimwita Koko. Alizaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, akavuka wakati wa vita, mama yangu akiwa bado mtoto mdogo, wala hakurudi tena. Nilipopata akili alikuwa anaishi nasi mtaa wa Bwiza, upande huu wa ziwa, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na jiko. Asubuhi mawese yakichemka yalinukia mpaka barabarani, redio za majirani zikishindana, na Koko katikati ya yote hayo, rozari mkononi, akimtuma kila anayepita. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Safari ya kushuka ziwani ilimshinda, na hilo lilimuuma kuliko miguu yenyewe.

Mjomba wangu alifanya kazi na watu waliovua visamaki vya rangi, wakavipandisha ndege kwenda Ulaya kupamba sebule za watu. Siku moja akamletea mama yake sanduku la kioo lenye samaki wachache wa manjano na wa bluu. Koko akawatazama weee, kisha akauliza, "Ya kuangalia tu? Hata muchuzi apana?" Tukacheka. Lakini haikupita wiki, akawa anawasalimia wao asubuhi kabla ya sisi wajukuu wake.

Mama alikichukia kile kioo. Kilikula nafasi, na kila Jumamosi ilibidi mtu wa baiskeli apande na bidoni, yaani madumu, za maji ya ziwa, amwage nusu yake ukumbini. "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe," alisema mama. "Hawa watashika jembe lini?" Nadhani hasira yake haikuwa ya samaki. Alimtunza Koko vizuri, alimwogesha, alimpikia, lakini hakuwahi kumuuliza neno juu ya Uvira. Koko akianza kusimulia, mama alikumbuka ghafla nguo zake kambani.

Basi mvua zikaja. Mito ikamwaga tope ziwani na bidoni zikawa zinafika na maji mekundu kama chai. Mama akaamua: kwani mvua si maji? Tukatega mabeseni chini ya paa, tukajaza kioo kwa maji ya mvua yaliyong'aa kama ya ubatizo. Sote tuliridhika kabisa.

Baada ya siku chache samaki wakaanza kulala ubavu. Kulikuwa na jike mmoja ambaye alikuwa ameacha kula tangu kabla ya mvua, mashavu yamevimba, kinywa amekifunga. Sisi watoto tulisema anaumwa jino. Sasa na wenzake wakamfuata, wakahema chini kabisa, rangi zimewatoka. Na Koko naye akaanza kusukuma sahani. Hata mboga za lengalenga na ndagala, yaani dagaa, chakula ambacho alikuwa akigombania na sisi, alikiacha kikapoa.

"Hii njo ziwa yangu yenye imebakia," alimwambia mama. "Ikikufa, mi naangalia nini tena?"

Nilimwona mama akiogopa. Mzee akikataa kula mfululizo, kila mtu mtaani anajua kinachofuata.

Jua lilikuwa linazama Koko alipojikokota hadi kwenye kioo, akachovya kidole, akalamba. "Ayi! Hii maji haina kitu! Muliwapa maji ya bure! Lete chumvi!"

Chumvi ilikuwa imekwisha, na duka la kona lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Na kwetu, unajua mwenyewe, chumvi haiombwi jua likishazama. Anayeitoa anatoa baraka ya nyumba yake. Jirani yetu aliyekausha ndagala za kuuza sokoni alikuwa na gunia zima, lakini kwa sheria hiyo hakuna aliyemshinda. Angemnyima hata dada yake wa tumbo moja.

Mama, yule yule wa jembe, akatoka kwenye mvua bila hata kitambaa kichwani, akasimama penye ukuta wa kututenganisha na jirani. Hakuitaja chumvi. Alisema tu, "Jirani, mama yangu hali."

Kelele za Koko zilikuwa zimesikika mtaa mzima. Jirani akasonya, akaingia ndani, akarudi na bakuli akaliweka juu ya ukuta. "Mi sijatoa kitu," akasema. "Nimesahau bakuli yangu hapa. Kesho nitaitafuta."

Koko akaikoroga chumvi kwenye kikombe, akamimina kidogo kidogo, akilamba kidole kila mara. "Apana, bado." Mjomba akarudi kutoka kazini akashika kichwa: "Mama, unawakausha kama ndagala!"

"Nyamaza. We ulizaliwa maternite, mu hospitali. Mi nilizaliwa mu maji." Akalamba tena, akafumba macho. "Ee. Sasa imefika Uvira."

Baadaye mjomba alikubali nusu. Alisema chumvi iliwasaidia, ila ladha ya ziwa inatoka kwenye mawe yake, akaleta mawe na makombe ya ziwani akayatandaza ndani ya kioo.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa chumvi, samaki mmoja alikuwa amekufa, tukamzika kwenye kopo la maua. Wengine walikuwa wameinuka, wanaogelea. Tukiwa bado tunawahesabu, Koko akapiga yowe. Yule jike wa mashavu alikuwa amefungua kinywa, na humo ndani wakatoka vifaranga, wadogo kama mbegu za nyanya. Tukasogea kuona, kivuli chetu kikawaangukia, naye akawavuta wote kinywani tena.

"Yebabawe!" Koko alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe si mugonjwa! Anakimbia na watoto mu kinywa!"

Mama alikuja na ufagio mkononi, akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Njo maana hakula," akasema.

"Atakula namna gani? Atameza watoto."

Mama akaweka ufagio chini, akaketi mkekani karibu na Koko, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. "Mama," akauliza, "ile siku tulikimbia, we ulikula nini?"

Koko hakuondoa macho kwenye kioo. "Ulikuwa unalia njaa. Nilikupa ya kwangu."

Walizungumza mpaka maharagwe yakaungua, na hakuna aliyegombezwa. Tangu siku hiyo mama mwenyewe alipokea bidoni za Jumamosi, na nguo zikakaa kambani mpaka usiku akisikiliza habari za Uvira.

Leo ninaishi Gihosha, mtaa mwingine. Kioo kile kilivunjika tulipohama, Koko tulimzika, na ile nyumba ya Bwiza imegeuka ghorofa la maduka. Kuta za siku hizi ni ndefu, huwezi kuacha bakuli juu yake. Ninavililia hivyo vyote, siwezi kukuficha. Lakini nikipiga magoti jioni nashukuru kwanza kwamba mama aliuliza Koko akiwa bado yupo wa kumjibu.