Nyumba Pacha ya Ndalambo

Nilipopangiwa kazi ya uuguzi Ndalambo, nilipata chumba kwa mama mmoja mjane, nyuma ya ghala lake la mahindi. Alinitunza kama bintiye, ila wajawazito walionifuata usiku walilazimika kupita katikati ya mbuzi wake kabla ya kuufikia mlango wangu. Kwa hiyo tuliposikia halmashauri inatujengea nyumba ya watumishi, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Ilikuwa nyumba pacha: paa moja, milango miwili, ukuta mmoja katikati. Halmashauri ilileta saruji, mabati na fundi. Wanakijiji walifyatua matofali, na sisi wanawake tukasomba maji. Kamati ilipokaa kugawa, upande mmoja nikapewa mimi, kwa kuwa wagonjwa huniita saa yoyote. Upande wa pili akapewa mwalimu wa hesabu, mtu wa Ileje, aliyekuwa akilala kwenye stoo ya shule. Afisa wa halmashauri alitukabidhi funguo na kutusomea masharti: hakuna kupangisha, hakuna kubomoa ukuta, na kila kaya ni upande mmoja tu.

Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuimba besi za kwaya akipika maharage, na siku moja, nikiwa nafua, nikajikuta nimemwitikia sauti ya kwanza. Kisha akaanza ubeti wa pili, taratibu, kama anayenisubiri. Tangu hapo jioni zetu zikawa hivyo, kila mtu jikoni kwake.

Masika yalipoisha alikuja barazani kwangu, amechomekea shati.

"Nesi," alisema, "huu ukuta umenichosha."

Nikamkumbusha kwamba halmashauri imekataza kubomoa.

"Basi tutumie mlango mmoja."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipoinuka nilikuwa nimeshakubali.

Tulifunga ndoa kwetu Hasamba, wakati wa kuchuma kahawa, na shangazi zangu walicheza hadi vumbi likafunika viatu vya bwana harusi. Tuliporudi kazini tukakubaliana kwamba upande wake si wetu tena. Kulikuwa na mwalimu mmoja mama, aliyehamia baada ya mgawo, akipanga mbali na shule pamoja na watoto wake. Afisa alipokuja kukagua nyumba, mume wangu akampa ufunguo na kumweleza habari zetu.

Afisa aliutazama ule ufunguo, akatutazama sisi. Alituambia kwamba miaka yote ya kazi yake amesuluhisha watu wanaogombania nyumba, na huko kwingine wapo waliohama na ufunguo mfukoni.

"Ya kurudishiwa, leo ndiyo mara ya kwanza," alisema, akatupa mkono wa hongera.

Kamati haikuchukua muda kuamua. Jumamosi iliyofuata mwalimu yule mama alihamia, na wanafunzi wake walimbebea vitanda, masufuria na kuku. Binti yake mdogo alikimbia kutoka chumba hadi chumba akifungua na kufunga milango, huku mama yake amesimama ukumbini, mikono kiunoni, akitabasamu peke yake. Mimi nilikuwa nimeshainjika ugali mkubwa. Tulikula barazani, familia mbili kwenye mkeka mmoja, na kuku wake walizunguka nyumba nzima bila kujali upande upi ni wa nani.