Nimekula

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikawalea wadogo zangu kwa kuuza ndengu sokoni Kiritiri. Jambo moja niliwafunza kwa ukali: ukienda kwa watu na uulizwe kama umekula, sema umekula. Sikutaka mtu aseme tumekuwa waombaji.

Mwaka jana kitinda mimba wetu alijiunga na chuo huko Meru. Chuo hicho huwapa wanafunzi wasiojiweza kadi ya chakula, lakini yeye alinyimwa. Nikaenda naye ofisini kuuliza sababu. Alikuwa amekonda mpaka sketi ameikaza kwa pini.

“Nilimuuliza mara tatu kama anapata chakula,” mama wa ofisi alisema. “Kila mara aliniambia amekula.”

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Nilijua ni mafunzo yangu hayo.

“Mwambie ukweli,” nikamhimiza.

Yule mama akanigeukia. “Na wewe umetoka mbali. Umekula?”

“Nimekula, asante,” nikajibu kabla sijafikiri.

“Hajakula, madam,” mdogo wangu akasema. “Ametoka Kiritiri alfajiri bila hata chai. Na mimi sijakula tangu jana.”

Yule mama akacheka, akavuta fomu. “Kumbe ni ugonjwa wa nyumba nzima!”

Kadi ilitoka siku hiyo hiyo. Kisha akatupeleka kantini, na nilipowekewa sahani ya githeri, sikusema nimeshiba.