Nyuso Nne Mgongoni

Mimi ni fundi cherehani hapa Mugumu, na kazi iliyonifundisha adabu ni vitenge vya kampeni. Kitenge cha maua unakata unavyotaka. Chenye sura ya mgombea, thubutu. Kichwa lazima kikae juu, uso usipite kwenye mshono, usijikunje kwapani. Mwaka wangu wa kwanza nilishona gauni, sura ikaangukia mahali pa kukalia. Mteja alilirudisha, akasema namtafutia kesi. Tangu siku hiyo nikitandika kitambaa mezani naanza na uso, mengine yanafuata.

Mama yangu anakaa kijiji kilicho jirani na bwawa la Manchira. Maji anayaona akiwa uani kwake, ila bomba halijafika, anachota mtoni pale ng'ombe wanapokunywa. Mheshimiwa wetu alipokuwa anaomba kura alisimama kijijini hapo akaahidi bomba kabla mahindi hayajakomaa. Akina mama wakagawiwa vitenge vyenye uso wake. Wenzake mama walishona wiki hiyo hiyo, mama akakikunja chake akakitia sandukuni. Nikimwambia nimshonee, anajibu, "Mimi sivai maneno ya mtu. Alete bomba kwanza." Mahindi yalikomaa, tukala, tukapanda mengine, na mengine tena.

Sasa, kuna muuguzi mteja wangu, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku. Huyo ndiye aliyenionyesha kwenye simu mambo ya wabunifu wa mjini. Wanachukua sura za wanasiasa, wanazikuza, wanazipaka rangi za pipi, kisha wanazipanga kwenye nguo kama makopo dukani. Huyu kavishwa miwani ya jua, yule kapakwa rangi ya mdomo. Nilicheka mpaka nikaacha kukanyaga cherehani. Kumbe mtu mkubwa anaweza kusemwa kwa nguo, na hakuna wa kukukamata.

Tuliposikia mheshimiwa anakuja kufanya mkutano kijijini kwa mama, nilimwendea nikaomba kile kitenge. Mpango ulikuwa wangu. Mama angeuliza swali la bomba, mimi ningesimama kando yake na koti lenye sura ya mheshimiwa nimeifanya kichekesho, aone haya mbele za watu. Mama alikigeuza kitenge mikononi, halafu akanipa. Nyumbani tunasema Kikurya, na Kiswahili cha mama ni cha kuokoteza, kwa hiyo alijifunza swali lake wiki nzima, akisonga ugali, akipalilia: "Mheshimiwa, lile bomba ulilotuahidi liko wapi?" Alikuwa anaogopa kukwama katikati wamcheke.

Wazo langu la kwanza lilikuwa uso mmoja mkubwa kifuani, zipu ipite katikati ya mdomo. Ukifunga ananyamaza, ukifungua anaongopa. Nilichora kwa chaki, nikashika mkasi, mkono ukagoma. Niliona naharibu uso wa mtu. Basi nikatoa nyuso nne kwenye kitenge, nikazipaka rangi, nikazishona mgongoni kwa koti la jinzi, moja ya waridi, ya chungwa, ya zambarau, ya bluu, zote na miwani na midomo myekundu. Zilinyooka, hakuna hata sikio lililoguswa na mshono. Nikapiga pasi. Likapendeza, na mimi mjinga nikafurahi kwamba limependeza.

Siku ya mkutano mama alinyoosha mkono, akasimama, akaanza vizuri tu. "Mheshimiwa, lile bomba..."

Hakumaliza. Mheshimiwa alikuwa ameshaliona koti nilipopita kwenda kusimama kando ya mama. "Dada, hebu geuka watu waone." Nikageuka. Mungu wangu, nikageuka kweli. Akapiga makofi. "Mnaona ninavyopendwa huku?" Mwenyekiti wa kijiji akamnong'oneza kwamba mimi ni binti wa huyo mama aliyesimama. "Mama yangu," akasema, "binti yako amenibeba mgongoni mara nne, halafu wewe unanidai bomba?"

Watu wakaangua kicheko. Waliovaa vitenge vyake wakapiga vigelegele, wasaidizi wake wakanizunguka na simu, picha juu ya picha. Nilitaka kusema nimemkejeli, sikumsifu. Lakini kejeli yenyewe ningewaonyesha wapi? Nilikuwa nimemweka vizuri kama ninavyomweka kila msimu. Nilipomtafuta mama kwa macho, alikuwa ameketi chini anang'oa nyasi. Hakuna mwingine aliyeuliza habari ya maji.

Tulirudi kwake, yeye mbele. Tulipofika akachukua ndoo, nikamwomba niende mimi. "Ulimpamba," akasema. "Mimi namuuliza, wewe unampamba." Nikamwambia sikukusudia. Akasema anajua, akashika njia ya mtoni. Nina hasira na yule bwana mpaka leo, lakini nusu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Wiki iliyopita msaidizi wake alikuja kibandani kwangu na robota la vitenge vipya. Wanataka makoti kama lile kwa ajili ya kampeni, rangi zile zile, miwani ile ile. Nikasema nitamjibu. Nikampigia mama nimwambie kwamba nakataa, nikidhani atafurahi.

"Shona," akasema. "Ukikataa atashona mwingine."

Nikamwuliza, je, akija tena, swali lako?

Nikasikia anamimina maji kwenye pipa. "Lile nimeshalisahau," akasema. "Nilikuwa nimelikariri tu. Kiswahili chenyewe si changu."