Malengelenge ya Gari Langu Ni Kazi Yangu

Kosa ni langu! Naanza na hilo ili msilitafute kwa mtu mwingine. Nimefundisha hapa Butembo miaka mingi, na kila mwanafunzi aliyeniletea habari ya kusikia nilimuuliza: "Umeona mwenyewe?" Siku niliyopaswa kujiuliza mimi, nilinyamaza.

Gari langu ni la zamani. Changarawe za barabara ya Beni zilikuwa zimebambua rangi kwenye kapo, kile kifuniko cha injini, na nyuma palikuwa na vibonyeo viwili. Nililipeleka kwa Kambale, fundi wa rangi za magari wa mtaa wa Mususa. Jina lake nalitaja makusudi, kwa kuwa ndilo nililolichafua.

Alikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akaziba mabonde kwa mastiki, akapiga msasa, akapaka ile rangi ya kijivu inayotangulia. Kisha akasema:

"Mwalimu, hii ya kijivu inakunywa mayi. Acha motokari hapa kwangu siku tatu, ikauke."

"Gari langu halilali kwa watu," nikamjibu.

"Basi uweke kwa kivuli. Mais bâche, ile turubai, hapana funika!"

Uani kwangu ni padogo. Nililiingiza kinyumenyume: nyuma ikakaa chini ya paa, mbele ikabaki nje. Mvua iliponyesha nikatupia turubai juu ya kapo, unyevu ukafungiwa humo siku tatu nzima. Nilipomrudishia gari, sikumwambia Kambale. Alipaka rangi akiniamini. Akiniamini mimi!

Baada ya mwezi kapo likaota malengelenge. Jirani yangu Masika, anayeuza maharagwe yatokayo Kipese, alipita akacheka:

"Eh, Papa Mwalimu, motokari imeshikwa na surua! Batu bote banasema ule Kambale anachanganyaka mastiki na vumbi ya matofali."

Bote! Watu wote hao ni akina nani? Sikuuliza. Jumapili, katika mkutano wa shirika letu la sala, nilisimama mbele ya familia zote nikatangaza, kwa sauti ya darasani, kwamba Kambale ni tapeli. Angesema mwingine, wangebisha. Nilisema mimi, wakaamini. Ole wangu!

Haukupita muda, uwanja wake ukawa mtupu. Hakuna aliyemletea hata mlango mmoja wa gari. Akafunga, akaondoka.

Mimi nikachukua kisu nichimbe ushahidi, ili akirudi nimkomoe vizuri. Nilipasua lengelenge la kwanza. Mastiki ilikuwa safi, bila chembe ya tofali. Chini ya rangi palikuwa na tone la maji na kutu mpya. Nikazunguka nyuma, pale ambapo turubai halikufika. Vile vibonyeo viwili vilikuwa laini kama yai. Fundi yuleyule, mastiki ileile! Nilipapasa mara tatu nikitafuta kosa la Kambale. Sikulipata.

Nilimfuata Kambale hadi mji wa Beni, nikamkuta akikwangua magari kwenye karakana ya mtu mwingine.

"Mwalimu, unaleta tena ile motokari? Mimi siigusi!"

"Nimekuja kukiri. Nilifunika turubai."

Hakuacha kusugua. "Nilisikia tu kapo imetoka malengelenge, nikajua. Lakini ulinisema mbele ya shirika muzima, Mwalimu. Juu ya nini unakuja kuninong'onezea mimi huku Beni?"

Nilirudi Butembo, na Jumapili iliyofuata nikasimama palepale niliposimama kwanza, nikaeleza yote: mvua, turubai, kisu. Wazee wakaanza kunivuta koti: "Papa, inatosha, unajishushia heshima."

Inatosha? Nilipomshusha Kambale, nani kati yenu alisema inatosha? Niliwauliza hivyo, na hapa nawauliza tena!

Kambale hajarudi. Wanangu wanataka kulipaka gari rangi upya, eti baba yao anaaibika njiani. Sitaki! Kapo litabaki na surua yake mpaka Kambale mwenyewe akubali kuligusa. Asipokubali, mimi na malengelenge tutazeeka pamoja.

Nanyi mnaosoma, mtu akija na "batu bote banasema", mwambieni awatajie mmoja tu, tena aliyeona. Jina langu sitaliandika, lakini gari langu mtalitambua likiegeshwa mbele ya kanisa. Msiishie kucheka kapo. Zungukeni nyuma, mpapase. Hapo ndipo alipofanya kazi Kambale.