Bunduki ya Upepo ya Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Highview, kusini mwa Louisville, Marekani, kwenye ua wa nyumba tuliyopanga mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa na chupa ndogo ya mafuta hayo. Mwaka huo yalipungua, na si kwa kushona.

Nyuma ya uzio wetu kulikuwa na mapipa ya taka ya maduka. Panya walioshiba huko walitembea uani kwetu mchana kweupe, taratibu, kama wenye nyumba wanaokagua mali yao. Walifukua maharage ya Mama, wakala chambo na kuiacha mitego bado imetegwa, nasi watoto tukacheka. Niwaambieni, kicheko kile kilikatika asubuhi mdogo wangu Neema, aliyekuwa bado anatambaa, alipopiga yowe kitandani kwake, na Mama akamkuta shavu limeng'atwa, shuka lina damu.

Sumu Baba aliikataa, maana Neema alitia kila kitu mdomoni. Rafiki yake wa ghalani alikofanya kazi, Mrundi mwenzetu tuliyemwita Baba Eliya, akamwambia, "Ukicheka na nyani utavuna mabua. Nunua bunduki ya upepo. Hapa hata watoto wanazo."

Mama alikuwa akimpaka Neema dawa. Hakuinua kichwa. "Uliniapia," alimwambia Baba.

Sikujua alimaanisha nini, na kwetu mtoto hakuulizia maneno ya wakubwa.

Jumamosi Baba alinipeleka dukani nikawe mkalimani, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu: inua, weka, haraka. Muuzaji, mzee mwenye ndevu nyeupe, alitusifia bunduki yenye kasi kuliko zote. Nikatafsiri. Baba akatikisa kichwa.

"Mwambie kasi si kitu. Nataka inayopiga pale ninapolenga, panya afe mara moja, asiteseke."

Akaziweka begani moja moja. Ya gesi akairudisha, ya kupampu akairudisha. Akabaki na moja nzito, ya mtutu wa kukunjwa, yenye kitako cha mti. Alipoiegemeza shavuni, mwili wake wote ulitulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, hata kanisani. Muuzaji akamtazama, kisha akaniuliza jambo.

"Anauliza kama ulikuwa mwindaji," nilimwambia Baba.

"Mwambie nilikuwa mkulima."

Nyumbani alibandika karatasi kwenye boksi lililojaa nguo kuukuu, akajaribu risasi za aina kadhaa, ndogo kama punje za mtama, mpaka akapata zilizotoboa palepale, tundu juu ya tundu. Akaufuta mtutu kwa mafuta ya Mama. Kisha akakaa kwenye ngazi za nyuma, akangoja.

Panya walianguka mmoja baada ya mwingine, kwa mlio usiozidi wa mlango unaofungwa. Nilirukaruka kwenye dirisha la jikoni. "Baba hakosi! Hakosi hata kidogo!"

Aligeuka akanitazama. Sijausahau uso ule. Aliilaza bunduki chini, akaenda hadi kwenye uzio, akatapika, kisha akachuchumaa pale mikono ikiwa kichwani. Mama alitoka jikoni, akapita katikati ya panya waliokufa, akaketi kwenye majani kando yake. Hakumlaumu. Alimshika shingo tu, wakakaa hivyo mpaka Neema akaamka.

Jioni hiyo bunduki ilikwenda kwa Baba Eliya. Baba akaziba kila tundu la nyumba kwa waya na saruji, akahamishia kitanda cha Neema chumbani kwao. Uani panya walirudi. Mama akaacha kulima.

Mwaka jana, baada ya kumzika Baba, ndipo Mama aliponieleza. Waasi walimtoa Baba darasani, huko Burundi, akiwa na umri kama wangu wa siku zile. Waligundua jicho lake halikosei, wakampa kazi ambayo hakuwahi kuisimulia hadi mwisho, hata kwake. Alipowatoroka na kuvuka mpaka, Mama alikubali kuolewa naye kambini kwa sharti moja, asishike tena bunduki, na sharti lenyewe Baba ndiye aliyelitamka kwanza.

Siku ile nilidhani ninamtazama shujaa akiilinda nyumba yake. Mama, aliyesimama nyuma yangu jikoni, alikuwa akimtazama mtoto wa watu akirudishwa porini, peke yake, na hakuwa na namna ya kumwita.