Kumi na Tatu Aprili Katika Gereji ya Singasinga

Kalenda ya Singasinga ilikuwa imejaa vifo. Ilining'inia juu ya meza ya spana, imepakwa grisi na alama za vidole, na tarehe nyingine alikuwa amezizungushia wino mwekundu. Mimi nilikuwa mjane kijana, nikiuza chai na mandazi langoni mwa gereji yake, kwenye barabara inayopanda kutoka Daraja Mbili kuingia mjini Kisii. Kila asubuhi nikimpelekea chai yake, namkuta kasimama mbele ya kalenda ile, mikono nyuma.

Tarehe thelathini Januari hakuwa mtu wa kuongeleshwa. Siku hiyo, aliniambia, mzee aliyewaongoza kudai uhuru bila silaha alipigwa risasi akienda kusali. Ishirini na tatu Machi, vijana watatu walinyongwa na Waingereza huko Lahore. Kumi na tano Agosti ilikuwa sikukuu yao ya uhuru, na maduka ya Wahindi mjini yalitundika bendera. Yeye hakutundika. Nchi ilipogawanywa, dada yake alipanda treni kukimbia mapigano, na treni ikafika stesheni imejaa maiti.

Lakini siku aliyoiheshimu kupita zote ilikuwa kumi na tatu Aprili. Kwa Masingasinga ni sikukuu ya mavuno. Yeye siku hiyo alifunga kazi, akapika dengu na chapati sufuria nzima, akatukalisha mafundi wake na mimi kwenye mabenchi ya mbao, tukala, kisha akasimulia.

Alikuwa mtoto, alisema, mjomba wake alipompeleka kwenye bustani moja mjini Amritsar. Bustani yenyewe ilizungukwa na kuta za nyumba za watu. Watu walikuwa wengi, wengine wamekuja kusikiliza hotuba, wengine wamekuja sikukuu tu na watoto wao. Askari wa Waingereza wakaingia kwa kijia chembamba, wakajipanga, wakafyatua. Hapakuwa na onyo. Watu wakakimbilia kuta, wakakwea, wakaangushwa kama ndizi. Wengine wakajirusha kisimani, na waliowafuata wakawaangukia. Mjomba akamlalia, akafa juu yake, naye akakaa chini ya ule mzigo mpaka damu ya mjomba ikaganda kwenye nywele zake.

"Na yule mkubwa aliyetoa amri," alikuwa akimalizia kila mwaka, "hapana fungwa. Hata siku moja."

Mwaka mmoja baba yangu alikuja kunitembelea tarehe hiyo, kajitwika mkungu wa ndizi kutoka kwetu Nyamira. Singasinga akamvuta benchini. Baba hakujua Kiswahili kizuri, kwa hiyo nikawa natafsiri. Alisikiliza hadithi yote bila kugusa chapati yake. Kisha akasema kwa Kigusii, "Mwambie hata sisi walitujia. Nilikuwa mdogo, nachunga mbuzi. Wanaume wetu walikuwa na mikuki. Wale walikuwa na bunduki inayotapika. Walichoma nyumba, wakachukua ng'ombe, na mama alitukataza kulia ili wasitusikie."

Nilipomaliza kutafsiri, Singasinga alikata chapati yake katikati, akampa baba nusu. Toka siku hiyo wakawa marafiki kwa namna yao, wasioweza kuzungumza bila mimi. Baba akija mjini, lazima apitie gereji.

Baba aliuawa miaka michache baada ya Uhuru, mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Wezi wa ng'ombe wa kabila jirani walivuka mpaka alfajiri wakavunja boma letu. Baba alitoka na panga. Mshale ulimwingia shingoni chini ya sikio, ukatokea upande wa pili. Kaka yangu mkubwa alimkuta akijaribu kuuchomoa, damu ikimtoka mdomoni badala ya maneno. Walichukua ng'ombe wote. Tulipomzika, Singasinga alikuja na lori lake mpaka kilimani kwetu, akasimama kwenye matope na kilemba chake cheupe, akatupa udongo kama sisi.

Kaka hakulia mazishini. Alikaa nyuma ya nyumba akinoa panga la baba, na mama akimwita hasikii.

Wiki iliyofuata ilikuwa na kumi na tatu Aprili. Nilirudi mjini kwa sababu sikuweza kukaa nikitazama boma tupu. Singasinga alishafunga kazi. Mwaka huo hakuwaita mafundi wote. Tulikuwa yeye na mimi tu, kwa kuwa alisema tutakula kwa ajili ya baba. Dengu zilikuwa bado jikoni tuliposikia kelele zikipanda kutoka sokoni.

Kelele ya watu wanaomfukuza mwizi huisikii mara mbili ukakosa kuitambua. Huanza mbali kama mvua kwenye mabati. Nikachungulia langoni. Mtu mmoja alikuwa anakuja mbio barabarani, shati limechanwa mgongoni, mkononi ameshika kamba ya ng'ombe ambayo nadhani alisahau kuiachilia. Nyuma yake barabara nzima ilikuwa imejaa watu, mawe, mianzi, mapanga. Jiwe likampiga kisogoni, akaanguka, akainuka, akaona lango letu liko wazi kidogo. Akaingia chini ya mkono wangu.

"Mama, nisaidie," alisema. Alikuwa na lafudhi ya ng'ambo ya mpaka.

Kwa lafudhi hiyo tu moyo wangu uligeuka jiwe. Nilimtazama amelala kwenye vumbi la mafuta, damu ikimtiririka, na nilitaka afe. Nilimwona baba na ule mshale. Nilikuwa naelekea kulifungua lango wazi kabisa, Singasinga alipolisukuma kwa bega lake akapitisha nondo kwenye vishikio.

"Hapana fungua," aliniambia.

"Mzee, huyu ni wa wale!"

"Wewe naona yeye siku ile?"

Sikuwa nimemwona mtu yeyote siku ile. Nilikuwa mjini nakaanga mandazi.

Mawe yakaanza kugonga mabati ya lango. Kisha nikasikia sauti ninayoijua tangu nizaliwe. Kaka yangu ndiye aliyekuwa mbele.

"Fungua! Ni yeye! Nimemwona mimi mwenyewe! Ndiye aliyemuua tata, baba yetu!"

Nilimjibu kwa lugha yetu, nikiwa nimeweka kiganja kwenye bati lililokuwa likitetemeka. "Kaka, ni mimi niko hapa ndani."

Akasogea karibu na bati upande wa pili. "Basi fungua," akasema, polepole sasa. "Dada, fungua. Ni damu ya baba yetu."

"Acha polisi waje."

"Polisi walikuja siku ile? Fungua, ama nitakuhesabu pamoja naye."

Singasinga hakuelewa maneno, lakini alielewa. Akapaza sauti kwa Kiswahili chake: "Baba yenu alikula hapa! Hapa, benchi hii! Mimi nazika yeye na nyinyi!" Mtu mmoja akacheka nje. Mwingine akasema, chomeni gereji, kuna petroli ya kutosha.

Nyuma ya gereji kulikuwa na mlango wa mbao ambao mafundi walikuwa wakiucheka. Ulifungukia mteremko wa mikaratusi tu, mahali ambapo hata gari la mkono halipiti. Singasinga aliutoboa mwenyewe ukutani mwaka aliponunua kiwanja. Alikuwa ameniambia kwamba hawezi kufanya kazi wala kulala kwenye ua wenye njia moja ya kutokea. Sasa akanikabidhi ufunguo wa kofuli. "Peleka yeye."

Nilimshika yule mtu kwapani. Alikuwa mzito, miguu haimtii. Sikumwonea huruma hata hapo. Nataka hilo lieleweke. Nilimburuta kwa sababu mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye lango na nondo ilikuwa inapinda. Nikafungua kofuli, nikamsukuma nje. Akabingirika mpaka kwenye mti wa kwanza, akasimama, akatokomea kuelekea mtoni. Sikumwona tena maishani. Hakugeuka.

Niligeuka mimi, na lango likaanguka ndani.

Lilimwangukia Singasinga magotini. Watu wakapita juu ya bati naye akiwa chini yake. Alipojitoa, mtu akamvua kilemba kwa ncha ya mwanzi, wakarushiana kama mpira. Nywele zake zikafumuka. Sikuwa nimewahi kuziona. Zilikuwa za kijivu, ndefu mpaka kiunoni, nzuri kama za mwanamke, na kijana mmoja akazikamata akazizungusha mkononi ili kumwinua uso. Kaka yangu akaja mbele. Alikuwa na rungu sasa. Sijui panga alilipeleka wapi, na nashukuru.

"Yuko wapi?"

Singasinga alimtazama. "Iko mkononi ya Mungu," alisema, ama nilisikia hivyo, maana mdomo wake ulikuwa umejaa damu.

Kaka akampiga. Mara ya kwanza kwenye bega, mkono ukaning'inia. Mara ya pili usoni. Nilisikia mfupa. Nikamrukia kaka mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikasikia chumvi, akanitupa kwenye meza ya spana, na kalenda ikaniangukia na misumari yake. Wakati huo mtu akagundua mlango wa nyuma. Wakamiminika wote mle kama maji, wakipiga mayowe, wakatuacha wawili sakafuni. Wengine walichukua spana wakipita. Mmoja alibeba sufuria ya dengu.

Nilichana leso yangu nikamfunga. Jicho la kushoto halikuwa jicho tena. Nilimpakata kichwa mapajani mwangu, nikamlilia kwa mara ya kwanza baba yangu, maana nilikuwa sijamlilia.

Polisi walikuja watu walipokwisha kutawanyika. Hospitalini, afisa alisimama kati ya vitanda, akauliza nani aliwapiga. Singasinga akasema hakuona. Watu walikuwa wengi, vumbi lilikuwa jingi. Alisema hivyo kwa ajili yangu, nilijua.

"Ni kaka yangu," nilisema. Nikataja jina lake na jina la kijiji chetu.

Afisa alipotoka, Singasinga alinigeuzia jicho lililobaki. "Kwa nini unasema?"

"Kila mwaka unatuambia hakuna aliyefungwa," nikamjibu. "Huyu wa kwangu atafungwa."

Alitafuta mkono wangu kwa ule wake mzima, akaushika mpaka muuguzi akaja kunifukuza.

Kaka alifungwa. Mama alikataa kunifungulia nyumba. Mara ya kwanza nilipokwenda Nyamira baada ya hukumu, alinimwagia majivu ya jikoni miguuni, mbele ya majirani waliotoka kanisani, akaniuliza kama nimemaliza wanaume wa nyumba hiyo au nimebakiza. Nilishuka kilima kile na majivu yangu. Kwa muda mrefu nilikuwa natuma sukari na majani ya chai kwa mkono wa shangazi, bila kusema vimetoka kwa nani.

Singasinga alifungua gereji tena, lakini kwa jicho moja na bega bovu hakuweza kulala chini ya lori. Mafundi walimwibia. Kisha zikaja zile siku ambazo wasio raia walinyimwa vibali vya biashara, Wahindi wengi mjini wakaanza kuuza na kuondoka, naye akaenda kwa mwanawe Uingereza. Asubuhi ya kuondoka alikunywa chai yangu amesimama, akalipa, ingawa nilikataa, akapanda gari la mpwa wake. Alinikumbusha nifunge mlango wa nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mama alianza kuugua, akaniita mwenyewe. Nilimkuta kaka, aliyekuwa ameshatoka gerezani, kwenye shamba la majani ya chai, kapu mgongoni, amezeeka kuliko umri wake. Alama ya meno yangu ilikuwa bado sikioni. Nilichukua kapu jingine, nikaanza kuchuma mstari wa jirani. Tulichuma mpaka mwisho wa mstari.

"Yule mzee bado yuko hai?" aliuliza.

"Sijui. Yuko Ulaya."

Akachuma vichipukizi vichache, akavitupa kapuni kwa nyuma bila kutazama.

"Siku ile alfajiri kulikuwa na ukungu," akasema. "Sikuona uso wa mtu hata mmoja. Niliona migongo tu."

Nilisimama. Nikamuuliza basi kwa nini alisema ni yule.

"Alikuwa na kamba ya ng'ombe mkononi, na mimi nilikuwa nimemzika tata." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Ningemkuta mwingine, ningesema ni huyo mwingine."

Mama alikuwa ametoka nje akijikongoja na fimbo, akatuita kwa sauti yake nyembamba tuje tule kabla mvua haijashuka. Kaka akanitangulia. Nikamfuata.